Rangi ndiyo jezi ya asiye na jezi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: klabu ikitaka kubadili mwonekano wa jezi yake, nani awe na neno la mwisho, uongozi, mdhamini au shabiki? Mimi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, wa kuzaliwa, na kazi yangu ni ushonaji hapa Tandika, kwa hiyo swali lenu limenikuta na mkasi mkononi. Naomba nafasi nilijibu kwa kirefu.

Mchoro waufanye watakavyo. Kifua wakiuze kwa mdhamini wampendaye. Rangi wasiiguse bila kutuuliza, na wakituuliza tukakataa, iwe basi.

Nasema hivyo kwa ninayoyaona kila wiki ya dabi ya Yanga na Simba. Siku mbili tatu kabla ya mechi wateja wangu huwa ni wa aina moja. Mama anataka gauni la binti yake, kijani, na mkanda wa njano kiunoni. Kijana wa bodaboda anataka kava la siti. Muuza chipsi wa jirani anataka aproni. Wa Simba nao wanakuja: "Nyekundu, shingoni niwekee nyeupe." Nao nawashonea kwa moyo mmoja, maana ni wateja na ni majirani. Katika wote hao hakuna anayenitajia msimu. Hakuna anayeniambia nimtolee ule mchoro wa mwaka huu au ile kola ya mwaka jana. Anasema "nishonee ya Yanga" na yamekwisha, najua kitambaa gani nikifuate Kariakoo. (Mwaka wa kampeni namuuliza kwanza kama ni ya mpira au ya mkutano, kwa kuwa kijani na njano ni rangi za CCM pia, na miezi hiyo kitambaa chenyewe huadimika.)

Watu hawa huwaoni kwenye hesabu za mauzo ya jezi halisi. Kwa bei ya jezi moja ya dukani mama yule anavisha watoto wawili. Lakini siku ya mechi yumo uwanjani, na Uwanja wa Mkapa unabeba watu 60,000. Ukiutazama upande wetu kwenye televisheni unaona kijani na njano tupu, unadhani wote wamevaa uzi mpya, yaani jezi ya msimu. Sogea karibu uone. Huyu ana fulana ya kijani ya mtumba, yule kajifunga kanga ya njano, mwingine kofia peke yake. Rangi imewavalisha wote jezi. Ndiyo maana ukiibadili rangi, mwenye pesa unamtia gharama ya jezi nyingine tu, lakini asiye na pesa umemvua nguo mbele za watu.

Nina mfano wa nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo ana shati moja la kijani la mikono mifupi, nilimshonea miaka mingi iliyopita, kola na mfuko nikatia njano. Hajawahi kumiliki jezi ya dukani. Msimu mmoja tawi lao la mashabiki lilikodi basi kwenda mkoani kuitazama timu, naye akalipa nauli yake kama wenzake. Walipofika, ikapigwa picha ya tawi, na viongozi wakasema wasimame mbele wenye uzi mpya, wengine wakae kando. Mzee akakaa kando. Aliporudi hakulalamika, alinieleza kama habari tu, kisha akaniuliza kama naweza kulitengeneza lile shati lifanane na jezi ya mwaka ule. Nilimwambia, baba, hilo shati ni Yanga kuliko picha yao. Niliumia sana, na mpaka leo nikilikumbuka naumia. Kama kijani na njano vilivyobaki vilevile havikumtosha mzee kusimama na wenzake, je siku rangi zenyewe zikibadilika, watu kama yeye watasimama wapi?

Msinielewe vibaya, sipingi uzi mpya kila msimu. Mimi ni fundi, napenda kazi nzuri ikifanywa. Tangu mbunifu Sheria Ngowi aanze kuichora jezi ya Yanga nimeona wanawake wakiivaa na sketi kwenye sherehe, jambo ambalo zamani halikuwapo. Kola ikae vipi, bega likatwe vipi, mstari uwe mnene au mwembamba, hayo ni ya ufundi, na ufundi lazima uende mbele. Jezi ya tatu nayo iwe nyeusi wakitaka, nyeusi ni yetu.

Mdhamini wa kifuani hatusumbui pia. Mwaka 2021 Simba walicheza Ligi ya Mabingwa Afrika wakiwa wameandikwa "Visit Tanzania" kifuani, wakaifunga Al Ahly 1-0 kwa Mkapa kwa bao la Luis Miquissone. Hata mimi wa upande wa pili nilikiri imewapendeza. Mwaka 2023 sisi tulivaa Haier kwenye Kombe la Shirikisho, tukafika fainali, tukafungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, tukaenda kuwafunga 1-0 kwao Algiers, na kombe likabaki kwao kwa mabao ya ugenini. Nililia siku ile. Wala sikumsikia mtu mtaani akisema neno juu ya maandishi ya kifuani, kwa sababu kijani na njano vilikuwa pale pale.

Lakini mnakumbuka ya Vodacom. Kampuni ilikuwa mdhamini mkuu wa ligi na nembo yake ni nyekundu. Jangwani, makao ya Yanga, ile alama nyekundu, rangi ya watani wetu Simba, ilikataliwa, na mwisho Yanga wakaivaa ikiwa nyeusi. Wapo waliotucheka, wakasema ni ushirikina, wakasema klabu kubwa haigombani na mdhamini kwa kidoa. Mimi nasema ile ilikuwa siku ambayo shabiki alikuwa na neno la mwisho, na ligi haikusimama, wala mdhamini hakufilisika. Kampuni kubwa ilikubali kubadili rangi ya nembo yake ili klabu isibadili yake. Natamani watoto wetu wasimuliwe habari ile kama jambo la heshima.

Sasa tazameni mahali ambapo mambo yalikwenda kinyume. Cardiff City ya Wales ilivaa bluu kwa zaidi ya miaka 100, na mashabiki wake wanajiita kwa jina la ndege wa bluu. Ni kwa bluu hiyo walilitwaa Kombe la FA mwaka 1927 kwa kuifunga Arsenal 1-0, na hadi leo hakuna klabu nyingine ya nje ya England iliyolitwaa. Mwaka 2012 mmiliki wao, tajiri wa Malaysia aitwaye Vincent Tan, akaamua timu ivae nyekundu. Hoja yake ilikuwa kwamba nyekundu ni rangi ya heri na ingeuzika vizuri Asia. Kwenye nembo akawekwa joka kubwa jekundu, na yule ndege akapunguzwa, akawekwa chini yake. Mpango ulipovuja mashabiki walipiga kelele, ikasemekana umeachwa, kisha wiki chache baadaye ukapitishwa. Waliambiwa pesa ya mmiliki inakuja na nyekundu.

Hapa ndipo kisa hiki kinaponigusa zaidi. Ile nyekundu ilishinda! Msimu wa kwanza tu, 2012/13, Cardiff walikuwa mabingwa wa daraja la pili na kupanda Ligi Kuu, wakarejea daraja la juu ambalo hawakuligusa tangu 1962. Wazee waliokuwa vijana walipoiona timu yao huko kwa mara ya mwisho, sasa wanaiona tena. Kama ushindi ungekuwa na uwezo wa kununua rangi, ungeinunua siku ile. Haukuinunua. Walikuwapo waliosema nyekundu na iwe, mradi tunapanda, na siwalaumu, miaka 51 si mchezo. Lakini wengi waliendelea kwenda uwanjani na skafu zao za bluu, wakaandamana kwa ajili ya bluu, na wengine wakaacha kabisa kwenda. Timu ilishuka 2014, viti vikazidi kuwa vitupu, na Januari 2015 Tan akakubali. Mechi ya kwanza ya bluu ilikuwa nyumbani dhidi ya Fulham, wakashinda 1-0.

Salzburg kule Austria hawakupata bahati hiyo. Kampuni ya vinywaji ya Red Bull iliinunua klabu mwaka 2005, zambarau na nyeupe zikaondolewa, zikaja rangi za kampuni. Walioishikilia zambarau waliunda klabu yao upya na kuanza nayo ligi ya chini kabisa.

Najua nitakayojibiwa: rangi hazikushuka kutoka mbinguni, hata majina yamebadilika. Ni kweli. Watani zetu waliitwa Queens, wakaitwa Sunderland, na jina la Simba ni la 1971. Brazil walikuwa wakivaa nyeupe walipofungwa na Uruguay pale Maracanã mwaka 1950. Ile njano tunayoijua ilikuja baadaye. Lakini angalieni ilivyokuja. Mwaka 1953 gazeti moja la Rio liliwaita wananchi wapeleke michoro, sharti likiwa zitumike rangi zote nne za bendera, na mchoro wa kijana mmoja, Aldyr Garcia Schlee, ndio ulioshinda. Watu waliitwa, wakachora, na rangi walizotumia zilikuwa tayari za kwao. Rangi ikibadilishwa namna hiyo sina neno.

Kwa nini naliandika hili kwa uzito sasa, wakati hakuna aliyetishia kijani wala nyekundu? Kwa sababu umiliki unabadilika. Wanachama wa Simba walikubali mfumo wa hisa 2017, wa Yanga 2021, na katika mifumo yote miwili mwanachama anabaki na asilimia 51 na mwekezaji 49. Mikataba ya jezi siku hizi ni ya mabilioni ya shilingi. Mimi siuogopi uwekezaji, umetuletea wachezaji ambao zamani tungewaona kwenye televisheni tu. Lakini mwenye pesa huwa na rangi ya kampuni yake, na siku moja ataipenda ionekane. Cardiff hawakuwa na kifungu chochote cha kumzuia mmiliki, wakabaki na mabango tu mikononi. Uingereza sasa wamelijua kosa hilo: sheria yao ya usimamizi wa soka ya 2025 haimruhusu mmiliki kubadili nembo au rangi kuu za jezi ya nyumbani kabla ya kuhakikisha kwamba wengi wa mashabiki wanaafiki.

Nasi tuwe na kifungu kama hicho kwenye katiba za klabu, tena kisiishie kusema "kijani na njano". Hapo naongea kama fundi. Kijani ziko nyingi. Ukinitumia Kariakoo nikuletee kijani bila kunipa sampuli, naweza kukuletea vitambaa sita na vyote vikawa kijani. Rangi haiibiwi kwa siku moja. Mwaka huu wanaikoleza kidogo, mwaka kesho wanaiingiza kwenye bluu kidogo, mwaka wa tatu unalitoa shati lako kabatini unalisimamisha kando ya uzi mpya na haviendani tena. Kwa hiyo klabu ihifadhi ofisini kipande cha kitambaa, kijani moja na njano moja, kipitishwe na mkutano mkuu wa wanachama, na kila mbunifu akipewa kazi apewe na kipande hicho alinganishe. Kola na mikono atajua mwenyewe.

Mimi ninavyo viwili kwenye daftari langu la sampuli, nilivikata kwenye masalio ya shati la baba mdogo. Havijapauka. Wakivihitaji Jangwani, nitawapelekea.

Fundi cherehani, Tandika, Dar es Salaam