Kasi Hupatikana Kabla ya Zabuni: Ushauri kwa Wanaotaka Kuliuzia Jeshi la Marekani

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi katika kampuni ndogo ya programu jimboni Virginia, ambayo wateja wake wakubwa ni vikosi vya jeshi la Marekani. Wahandisi wenzetu kutoka Afrika Mashariki walioanzisha kampuni zao huku huniuliza kwa nini wengine hupata mkataba ndani ya miezi michache ilhali wao huzungushwa mwaka mzima. Jibu langu ni kwamba muda mwingi hupotea, au huokolewa, kabla zabuni haijatangazwa, na hapo ndipo nawasihi waweke nguvu zao.

Watu wengi, wakiwamo baadhi ya maafisa ununuzi wenyewe, huamini kwamba sheria inawakataza kuzungumza na kampuni. Si kweli. Kanuni za manunuzi za serikali kuu zimekuwa zikihimiza mazungumzo ya mapema, na mwezi Februari 2011 ofisi inayosimamia sera za manunuzi chini ya Ikulu ilitoa waraka mahususi wa kuondoa dhana hiyo potofu. Kisichoruhusiwa ni kumpendelea mzabuni mmoja kwa taarifa ambazo wenzake hawakupewa; na zabuni ikishatangazwa, maswali yote hupitia kwa afisa mwenye mamlaka ya kusaini mkataba. Kwa hiyo ofisi ya jeshi inapotoa tangazo la kuomba taarifa tu, lijibu kwa makini, kwa sababu wakati huo mahitaji ndiyo kwanza yanaandikwa.

Ukipata nafasi ya kukutana nao, omba kuonana na mtu atakayekitumia kifaa chako. Tulipopelekwa kwenye karakana moja ya magari ya kijeshi, sajenti alitoa mfukoni kadi iliyochafuka kwa grisi, aliyokuwa akiandikia vipimo kwa penseli kwa kuwa ndani ya jengo lile hakukuwa na mtandao, kisha akatueleza kwamba mwisho wa zamu huviingiza vyote upya kwenye kompyuta ya ofisini. Rasimu ya mahitaji ilikuwa ikizungumzia ripoti za kumpelekea kamanda, wala haikutaja popote kufanya kazi bila mtandao. Afisa ununuzi, ambaye alikuwa amesimama nasi pale, aliirekebisha kabla haijatangazwa, na kampuni zote zilizoomba zikashindana kutatua tatizo lililokuwapo kweli.

Mfano mkubwa zaidi ni wa kituo cha anga cha Al Udeid, nchini Qatar. Mwaka 2016 wanajeshi wa anga wa Marekani walikuwa bado wakipanga ratiba za ndege za kujazia mafuta angani kwenye ubao mweupe, huku mradi rasmi wa kuboresha mifumo ya kituo hicho cha operesheni ukiwa umekula miaka mingi. Kitengo cha ubunifu cha Pentagon, kilichofunguliwa Mountain View, California, mwaka 2015, kilishirikiana na kampuni ya programu ya Pivotal. Waandishi wa programu wa jeshi na wa kampuni wakaketi pamoja, wakiwasikiliza wapangaji wenyewe, na baada ya miezi michache programu ikaanza kutumika.

Kuhusu mikataba, jifunze ule unaoitwa kwa kifupi OTA (other transaction agreement, yaani makubaliano ya aina nyingine, nje ya mikataba ya kawaida ya manunuzi), ambao asili yake ni sheria iliyounda NASA, shirika la anga za juu la Marekani, mwaka 1958 na ambao haufungwi na sehemu kubwa ya kanuni za kawaida. Faida yake kubwa ni kwamba modeli ya majaribio iliyopatikana kwa ushindani ikifaulu, jeshi linaweza kuendelea na uzalishaji bila kushindanisha upya. Hata hivyo, hakikisha mkataba wa kwanza unaitaja hatua hiyo waziwazi. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya Kongresi, GAO, iliunga mkono malalamiko dhidi ya mkataba mmoja wa uzalishaji, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba makubaliano ya awali hayakuwa na kifungu hicho.

Kisha iko fedha, na hapa ndipo nimeona kampuni nzuri zikifa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba, lakini maandalizi ya bajeti yake huanza karibu miaka miwili kabla. Fedha za utafiti zilizogharamia majaribio si zile za kununulia vifaa kwa wingi, na muda ulio kati ya hizo mbili wenyewe huuita bonde la mauti. Muulize afisa, katika mazungumzo ya mwanzo kabisa, ni ofisi gani itakayolipa baada ya majaribio na kama imeshaliweka jambo hilo kwenye maombi yake ya bajeti. Akisita, mwombe akukutanishe na ofisi hiyo majaribio yakiwa bado yanaendelea.

Nanyi maafisa mnaosoma haya, na najua mmo, ombi langu ni moja: toeni jibu mapema, hata likiwa la kukataa. Kampuni kubwa inaweza kusubiri miezi sita bila kutikisika. Kampuni yenye wahandisi wachache inawalipa mishahara kwa akiba wakati wote huo, na jibu la kukataa linalotolewa wiki ya pili huiwezesha kuwapeleka kwenye kazi nyingine badala ya kuwaachisha kazi.