Kumtafuta Babu wa Reli: Ushauri kwa Anayefuatilia Ukoo Uliotoka Punjab

Familia nyingi za Afrika Mashariki zenye asili ya Punjab, ziwe za Masingasinga, za Wahindu au za Waislamu, husimulia kwamba mzee wao wa kwanza kufika huku alikuja kujenga Reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Mimi nimefuatilia ukoo wa baba wa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mhunzi katika karakana ya reli Nairobi, na baadaye nimewasaidia majirani kadhaa kufuatilia wazee wao. Ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kwamba, kabla hujamtafuta babu yako miongoni mwa wajenzi, uthibitishe kwanza kuwa alikuwa mmoja wao. Aliyejenga reli na aliyeajiriwa na reli baada ya kujengwa waliacha karatasi tofauti kabisa, na anayewachanganya hutafuta mahali ambapo jina halikuandikwa kamwe.

Hesabu inayonukuliwa kuhusu ujenzi huo inaeleza kwa nini nasema hivyo. Tangu kazi ilipoanza Mombasa mwaka 1896 hadi reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901 na shughuli za mwisho kukamilishwa, watu 31,983 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi waliopandishwa meli Karachi kwa mkataba wa miaka mitatu uliowahakikishia nauli ya kurudi kwao. Kati yao 16,312 walirejeshwa mikataba ilipokwisha, 6,454 walirudishwa kwa maradhi au majeraha, 2,493 walikufa, na 6,724 walibaki. Yaani takriban wanne katika kila watano hawakubaki huku, ingawa baadhi ya waliorudi walikuja tena baadaye kwa nauli zao wenyewe. Kwa upande mwingine, reli iliyokamilika ilihitaji waashi, maseremala, wahunzi, madereva, makarani na wakuu wa vituo kwa miongo mingi, na wengi wa hao walikuja kwa kuitwa na ndugu au mtu wa kijiji chao aliyetangulia. Kwa maoni yangu, hawa wa pili ndio mababu wa familia nyingi zinazodai wale wa kwanza, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Kipimo chake ni umri. Kibarua wa mwaka 1898 hawezi kuwa alizaliwa baada ya mwanzoni mwa miaka ya 1880. Ikiwa mzee wako alistaafu mwaka 1952 akiwa na miaka 55, basi alizaliwa mwaka 1897, na reli ilipofika ziwani alikuwa mtoto wa miaka minne huko Punjab. Huenda aliyejenga ni baba yake au ami yake, au huenda hakuna. Kwa vyovyote vile, wewe sasa unamtafuta mwajiriwa wa miaka ya 1920, na huyo ana faili.

Anza nyumbani, na uanze na pasipoti za zamani hata kama zimeliwa na mchwa. Pasipoti ya Mhindi wa enzi ya Mwingereza mara nyingi ilitaja mahali pa kuzaliwa, na wakati mwingine ilitaja kijiji, tarafa na wilaya, jambo ambalo hutalipata kwa urahisi kwenye karatasi nyingine yoyote. Baada yake tafuta cheti cha utumishi alichopewa mzee alipoacha kazi, barua za pensheni, na maandishi nyuma ya picha. Unapowahoji wazee, usiwaulize miaka, kwa maana miaka huwapotea, waulize vituo. Bibi yangu hakujua baba yake aliajiriwa lini, lakini alijua kwamba familia ilikaa Makindu kabla ya Nakuru, na kwamba kaka yake alizaliwa katika nyumba za reli baada ya kuhamia Nairobi. Mpangilio wa vituo ukilinganishwa na tarehe moja tu unayoijua hukupa tarehe nyingine zote kwa kukadiria.

Ukishapata vituo, kumbuka kwamba nchi na shirika vilibadilika majina, na nyaraka zimehifadhiwa kwa majina ya wakati wake. Kisumu na Naivasha zilikuwa chini ya Uganda hadi mwaka 1902, zilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo, kwa hiyo mtu aliyefariki Kisumu mwaka 1901 alifia Uganda kwa mujibu wa serikali ya siku hizo. Hadi mwaka 1905 himaya hiyo ilisimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, kisha ikakabidhiwa Wizara ya Makoloni, na mgawanyo huo unaonekana hadi leo katika rafu za Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza huko Kew, London. Reli ya Uganda nayo ilibadilishwa jina katika miaka ya 1920 ikawa Reli ya Kenya na Uganda, mwaka 1948 ikaunganishwa na ile ya Tanganyika kuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikachukua sehemu yake. Mfanyakazi aliyehamishwa kutoka Nairobi kwenda Tabora mwaka 1950 anaweza kuwa na karatasi katika nchi mbili.

Chanzo ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho watu wengi hukipita bila kukitazama, ni Gazeti Rasmi la Serikali. Lilianza kuchapishwa mwaka 1899, na matoleo yake ya zamani yanasomeka bure katika intaneti. Mtu akifa na kuacha mali, hata ikiwa ni akiba ya rupia chache na mshahara ambao haujalipwa, serikali ilitangaza mirathi yake ili wanaomdai wajitokeze. Tangazo la namna hiyo hutaja jina la marehemu, mara nyingi jina la baba yake, mahali alipofia, tarehe, na pengine kazi aliyoifanya. Katika safu kama hizo nilimkuta ndugu wa yule mhunzi wetu, ambaye familia ilikuwa imemsahau kabisa, naye ndiye aliyenifungulia mlango wa kijiji chao. Usitegemee kutafuta kwa jina pekee, kwa sababu mashine iliyosoma kurasa hizo hukosea herufi zilizofifia. Tafuta pia kwa jina la kituo, kwa jina la kazi na kwa jina la baba. Na usisahau kwamba waliokufa kabla ya 1899, wakiwemo waliouawa na simba wa Tsavo mwaka 1898, si rahisi kuwakuta humo.

Jengo la Nyaraka za Taifa lililo Moi Avenue, Nairobi, linafaa kutembelewa ukiwa tayari una jina, kituo na mwaka, si kabla. Makumbusho ya Reli jijini humo ni mahali pazuri pa kuelewa kazi yenyewe, picha na ramani za vituo. Sensa sikushauri: ripoti zilizochapishwa za mwaka 1911 na 1921 zinatoa jumla za watu, si majina. Kwa watoto wa wafanyakazi, uliza shuleni. Shule ya Upili ya Jamhuri, kwa mfano, ilianza mwaka 1906 kama shule ya watoto wa Kihindi wa reli.

Tatizo kubwa zaidi ni majina yenyewe. Singh si jina la ukoo mmoja, na Din au Bakhsh vilevile, na karani wa Kiingereza aliandika alichosikia. Kwa hiyo usikubali kwamba umempata mtu wako mpaka mambo matatu yakubaliane, yaani jina lake, jina la baba yake na kijiji au wilaya yake. Mawili hayatoshi. Waandike pia watu waliokuwa karibu naye, kama vile shahidi wa ndoa, mdhamini na jemadari, yaani msimamizi, wa genge lake, kwani wanaume wa kijiji kimoja mara nyingi walisafiri pamoja na kuitana kazini, na rekodi ya mwenzake inaweza kutaja kijiji ambacho yake haikukitaja.

Kijiji kikishajulikana, hatua inayofuata ni kujua kiko nchi gani leo. Punjab iligawanywa mwaka 1947. Sialkot, Gujranwala na Rawalpindi ziliangukia Pakistan, ilhali Jalandhar, Ludhiana na Hoshiarpur zilibaki India. Neno India kwenye karatasi ya mwaka 1930 halithibitishi chochote. Iko pia wilaya ya Gujrat iliyo Pakistan, ambayo wajukuu wengi huidhania kuwa jimbo la Gujarat la India, na huko wanatafuta bure. Lyallpur sasa inaitwa Faisalabad, na Campbellpur inaitwa Attock.

Kwa ukoo wa wakulima wenye ardhi, huko Punjab kuna hazina ya ajabu. Serikali ya Mwingereza ilipopima ardhi kwa ajili ya kodi, iliandikisha kwa kila kijiji mti wa ukoo wa wenye mashamba, unaoitwa shajra nasb, ambao nakala zake huhifadhiwa na karani wa ardhi wa kijiji na katika ofisi ya wilaya. Umeandikwa kwa Kiurdu, kwa hiyo tafuta msomaji mapema. Lakini mafundi kama maseremala na wahunzi mara nyingi hawakumiliki mashamba, na kwa sababu hiyo huenda wasiwemo, nao ndio waliokuwa wengi katika karakana za reli. Kwa Wahindu na kwa Masingasinga wengi, njia mbadala ni daftari za makuhani wa Haridwar, mji mtakatifu wa Wahindu huko India, ambao kwa vizazi vingi wameandika majina ya familia zinazofika mto Ganges, hasa zinapopeleka majivu ya marehemu, zikipangwa kwa ukoo na kijiji cha asili. Nyingi zimepigwa picha za filamu na Shirika la Nasaba la Utah, Marekani. Familia ya jirani yangu ilipata humo vizazi vilivyotangulia reli kwa muda mrefu. Kumbuka pia kwamba Wahindu na Masingasinga huchoma maiti, kwa hiyo usitarajie kaburi. Kwa Waislamu, makaburi ni ya kutembelewa.

Miti hiyo ya ardhi kwa kawaida huonyesha wanaume peke yao. Wake waliobaki Punjab miaka mingi kabla ya kumfuata mume hupatikana zaidi katika pasipoti zao wenyewe au za waume zao. Wake wa Kiafrika, kama mama wa bibi yangu, ni wagumu zaidi, kwa kuwa kuandikisha vizazi vya Waafrika hakukulazimishwa kote nchini kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni. Ikiwa ndoa ilikuwa ya Kiislamu, nenda kwa kadhi: sheria ya mwaka 1906 iliagiza ndoa na talaka za Waislamu ziandikishwe, na daftari hizo hutaja mume, mke, walii (msimamizi wa bibi harusi) na mahari. Nenda na tarehe ya kukadiria, jina la walii kama unalijua, na orodha ya namna zote ambazo jina la mume linaweza kuwa liliandikwa.