Ukiwa Chennai Desemba, usirudi bila kusikia kacheri

Watu wa kwetu wanaofika Chennai, wengi wanapelekwa na hospitali. Mgonjwa akishapata nafuu, msindikizaji anabaki na jioni ndefu za simu na usingizi. Ukijikuta huko kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari, mwezi ambao Watamil wanauita Margazhi, tafuta kacheri, yaani onyesho la uimbaji wa Karnatiki, muziki wa jadi wa India Kusini. Uende, ukae mpaka mwisho.

Kupata nafasi si kazi kubwa. Music Academy, iliyoanzishwa mwaka 1928, ndiyo yenye jina zaidi, lakini kumbi ziko nyingi, hasa mitaa ya Mylapore. Maonyesho ya mchana ya vijana wanaochipukia mara nyingi ni ya bure, kwa hiyo anza na hayo uzoee. Ya jioni ndiyo ya wakubwa. Usiku ule nilioupenda kuliko yote nilikaa viti vya nyuma, maana vya mbele ni vya wanachama na wafadhili, na sikupungukiwa na kitu.

Jukwaani wanakaa chini wote. Mwimbaji, mama wa makamo mwenye sari ya hariri, alikuwa katikati. Nyuma yake tambura, chombo cha nyuzi, ikivuma bila kukoma. Ubavuni mpiga fidla, na upande wa pili ngoma ya mridangam na chungu cha udongo kinachoitwa ghatam. Fidla yao haibanwi kwa kidevu kama ya taarabu. Mpigaji hukunja miguu, kichwa cha fidla kikaegemea kifundo cha mguu, mkono ukabaki huru kuteleza juu ya nyuzi.

Maneno yasikutie hofu. Nyimbo nyingi ni za Kitelugu, kama zile za mtunzi Tyagaraja (1767–1847), nyingine ni za Kisanskriti au Kitamil, na hata ukumbini wapo wasiozielewa zote. Nyingi ni sala za Kihindu, ujue hilo kabla hujanunua tiketi.

Cha kushika ni hesabu ya mkono. Mzee aliyekaa karibu nami alikuwa akiipiga pajani, nikamfuata. Tala, yaani mzunguko wa mapigo, inayotumika zaidi ni Adi, yenye mapigo 8: piga paja kwa kiganja, kisha kidole cha mwisho, cha pete, cha kati; piga tena kiganja, geuza; piga, geuza. Basi. Wimbo wa mwendo wa pole huenda kila pigo likarudiwa mara mbili, ndipo wageni wengi tunapopotea. Ukipotea, tazama mkono wa mwimbaji, naye anahesabu vilevile.

Nyimbo za mwanzo huwa fupi, za kupasha sauti. Subiri wimbo mkuu. Usiku ule wimbo huo ulikuwa katika raga ya Kalyani; raga ni mpangilio wa sauti ambao wimbo hujengwa juu yake. Mama aliianza bila ngoma na bila maneno, akiizunguka polepole, akipanda hatua moja na kurudi, fidla ikimjibu kila alipovuta pumzi. Kisha ukaja wimbo wenyewe, halafu mstari mmoja tu ukaimbwa tena na tena, kila mara kwa njia mpya, lakini silabi zake zikiangukia palepale kwenye hesabu. Kama ulikuwa unahesabu, hapa unaanza kuona anachokifanya. Kama hukuhesabu, utadhani anajirudia.

Baada ya hapo mwimbaji hunyamaza na kuwaachia wapigaji, sehemu inayoitwa tani avartanam. Na hapo ndipo nusu ya ukumbi huinuka kwenda kantini! Mimi siwaelewi. Kahawa yao ni nzuri kweli, inamiminwa juu chini kati ya bilauri na bakuli la chuma mpaka itoe povu, lakini inywe kabla ya onyesho. Ngoma na chungu vilipokezana vipande virefu, vikafupishwa, vikafupishwa tena, hadi wakawa wanarushiana mapigo mawili matatu. Mwishoni wakapiga pamoja kifungu kimoja mara tatu, na cha tatu kikaishia pale hasa mama alipouchukua mstari wake tena. Mikono ya wazee wote ikatua mapajani kwa pigo moja.

Vinavyofuata ni vyepesi, na wasikilizaji wengine hupeleka vikaratasi jukwaani kuomba nyimbo wanazozipenda. Beba mtandio, viyoyozi vya kumbi kubwa havina huruma. Ukitaka kumjua jirani yako, mwulize tu raga ilikuwa ipi. Wangu alinieleza mpaka tukafika kwenye bajaji, akaniandikia na majina ya waimbaji wa kesho yake.