Printa na intaneti kwenye tundu moja la USB

Ndugu, umeeleza kwamba kompyuta ya duka lako la uchapishaji pale Likoni imebakiwa na tundu moja tu la USB, nawe hulazimika kuchomoa adapta ya kebo ya mtandao kila mteja anapotaka kuchapisha. Nunua habu ya USB, yaani kifaa kinachogeuza tundu moja kuwa matundu kadhaa, ila iwe na chaja yake yenyewe, kwa kuwa tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa umeme wa miliampea 500 tu, ambao vifaa vyote vya habu vingelazimika kugawana. Printa hutumia umeme wa ukutani, lakini adapta ikikosa nguvu ya kutosha huenda ikakatika-katika. Kasi ya tundu hilo itagawanywa kati ya printa na adapta, jambo ambalo kwa duka halina uzito. Hata hivyo, ikiwa printa ina tundu la mtandao, ningependelea uiunganishe moja kwa moja na ruta.