Mstari wa grafu ukishuka, gari linarudi nyuma?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma Kidato cha Pili, Mbalizi, Mbeya. Kwenye grafu ya velositi na wakati, mstari ukishuka naandika kwamba gari linarudi nyuma, na kila mara nakoseshwa. Tena sielewi kwa nini umbali tunautafuta kwa eneo.

Jibu: Marahaba. Unausoma mstari kama picha ya barabara. Mhimili wa wima hapo unapima velositi, yaani kasi pamoja na mwelekeo wake; haupimi gari lilipo. Mstari ukishuka huku bado uko juu ya sifuri, gari linaenda mbele, ila linapunguza mwendo.

Chukua lori lenye mzigo linaloupanda mlima Kitonga kuelekea Iringa. Tuseme linaanza kupanda likiwa na 20 m/s, na baada ya sekunde 30 limebaki na 5 m/s. Lori linapanda, mstari unashuka! Mteremko wa mstari ndio mchapuko, yaani velositi inavyobadilika kila sekunde: (5 − 20) ÷ 30 = −0.5 m/s².

Sasa umbali. Velositi isipobadilika, unaizidisha kwa muda, na hilo ni eneo la mstatili. Ikibadilika, ugawe muda vipande vidogo mno. Kila kipande ni kama mstatili mwembamba, na jumla yake ni eneo lote chini ya mstari. Kwa lori letu, mstatili wa chini ni 5 × 30 = 150, na pembetatu iliyo juu yake ni ½ × 30 × 15 = 225. Jumla mita 375. Huo mstatili wa chini wanafunzi wengi wanausahau, na alama zinapotea bure.

Kurudi nyuma kunaonekana mstari unapovuka sifuri kwenda chini. Tuseme mchapuko unabaki −0.5: baada ya sekunde 10 zaidi lori linafika sifuri, na sekunde 4 baadaye lina −2 m/s, linarudi kinyumenyume. Katika sekunde hizo 14 limekwenda mbele mita 25, likarudi mita 4. Ukiulizwa umbali wote uliosafiriwa, jibu ni 29; ukiulizwa limesogea kiasi gani kutoka lilipokuwa, ni 21. Na pale mstari unapokata sifuri, usiandike kwamba mchapuko nao ni sifuri. Mteremko haujabadilika, kwa hiyo bado ni −0.5.