Kwa Mnaoanza Kuandaa Kesi za Madhara ya Uzazi: Hesabuni Saa Kabla ya Kumtaja Mkosaji

Nawaandikia ninyi mnaoingia katika ofisi za mawakili hapa Malindi, pamoja na wasaidizi wa kisheria wa Lamu na visiwa vyake, kwa kuwa hamtakaa sana kabla ya kumpokea mama aliyeumia katika kujifungua, au aliyempakata mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kwa niliyoyaona katika kazi hii, kesi nyingi za aina hii huharibika hata kabla ya hati ya madai kuandikwa, kwa sababu aliyeiandaa alikimbilia kumtaja mkosaji wakati bado hajui ni jambo gani lilitokea saa ngapi.

Muda wa kisheria ndio wa kutazamwa kwanza. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashtaka, sura ya 22, humpa mdai miaka 3 katika madai ya uzembe, lakini sheria inayohusu mamlaka za umma, sura ya 39, hutoa miezi 12 tu kwa madai hayo dhidi ya Serikali. Wanawake wengi wa kwetu hujifungulia katika hospitali za umma. Mawakili wakomavu wanaweza kubishana kuhusu nafasi ya serikali za kaunti katika sheria hiyo ya pili. Wewe hesabu miezi 12 tangu siku ya kujifungua, na umpe wakili jalada mapema. Wala msidhani kwamba malalamiko yaliyopelekwa kwa Baraza la Madaktari au Baraza la Wauguzi yanausimamisha muda huo, kwa maana mabaraza hayo hushughulikia nidhamu na leseni, na mahakama ina hesabu yake.

Siku hiyo hiyo ya kwanza andikeni barua ya kuomba nakala za jalada lote la mgonjwa, mkitegemea kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya kupata habari ya mwaka 2016. Tajeni kila karatasi kwa jina lake: fomu ya kulazwa, patografu (chati ya kufuatilia mwendo wa uchungu), ukurasa wa rejista ya leba, daftari la kupokezana zamu, chati ya dawa, barua ya rufaa, taarifa ya upasuaji na rekodi za mtoto mchanga. Mkiomba “jalada” bila kufafanua, mtapewa muhtasari wa kuruhusiwa kwenda nyumbani, nao hausemi lolote la maana. Kijitabu cha kliniki kilichoko nyumbani kwa mama kitolewe nakala na arudishiwe chenyewe, kwa sababu mtoto bado anakihitaji kwa chanjo.

Patografu ndiyo karatasi ya kukaa nayo muda mrefu. Uchungu ukishapamba moto, mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa, na mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa 4. Katika fomu iliyozoeleka kuna mstari wa tahadhari, na mstari wa kuchukua hatua uliochorwa saa 4 upande wa kulia wake. Shirika la Afya Duniani lilitoa fomu mpya mwaka 2020, kwa hiyo hakikisheni kwanza mnasoma ipi. Tafuteni mahali ambapo maandishi yanakatika. Angalieni pia maandishi yaliyonyooka kupita kiasi: mapigo 140 yaliyojirudia kila nusu saa usiku kucha, kwa kalamu moja na mwandiko usiobadilika, yanastahili kuulizwa, ingawa hayathibitishi peke yake kwamba yalijazwa baadaye. Na mkiona pengo, ulizeni usiku ule nesi mmoja alikuwa na akina mama wangapi wa kujifungua, kwa kuwa mara nyingine anayepaswa kujibu ni aliyepanga zamu, na si yule nesi aliyekuwa akikimbia kutoka kitanda hadi kitanda.

Kisha linganisheni karatasi hizo na maneno ya mama, na hapa ndipo wageni wa kazi hii hupotea. Mama akisema saa nne usiku, jalada litaandika 22:00, na hilo ni jepesi. Lakini akisema usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao hospitali imeuandika Alhamisi hadi saa sita ya usiku. Maelezo yakiandikwa bila uangalifu, yatapishana na jalada kwa siku nzima, na wakili wa upande wa pili atamfanya mama aonekane mwongo. Aulizwe kwa alama anazozishika mwenyewe: “Mama, maji yalivunjika kabla ya Isha au baada yake? Walipokuingiza chumba cha upasuaji, alfajiri ilikuwa imeshaadhiniwa?” Mahojiano hayo yafanywe na mwanamke, na aliyemsindikiza, awe mama mkwe au wifi, ahojiwe peke yake.

Sharti gumu zaidi ni kuonyesha kwamba uzembe ndio ulioleta madhara. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hawakuupata kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wako waliozaliwa kabla ya wakati, walioambukizwa tumboni, au waliougua manjano kali. Kwa hiyo alama za Apgar, yaani za hali ya mtoto mara tu azaliwapo, za dakika ya 1 na ya 5, pamoja na hali ya mtoto katika siku zake za kwanza, ni lazima zisomwe na daktari bingwa. Kipimo cha uzembe wenyewe mtakikuta katika kesi ya Bolam ya Uingereza ya mwaka 1957. Na kuhusu wajibu wa kumweleza mama hatari zinazomkabili, someni uamuzi wa Montgomery wa Mahakama ya Juu ya Uingereza wa mwaka 2015, ambapo mama mwenye kisukari hakuelezwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama.

Kwa mgonjwa aliyetolewa Faza, kisiwani Pate, kwa boti, maji kupwa na upepo si uzembe wa mtu. Linaloulizwa ni barua ya rufaa iliandikwa saa ngapi baada ya hatari kuonekana, kama hospitali inayompokea ilipigiwa simu, na kama alisindikizwa na muuguzi.

Wapo watakaowaambia kwamba yaliyotokea ni kadari ya Mwenyezi Mungu na hawataki kesi. Msibishane nao. Waelezeni kuhusu muda wa sheria, kisha muwaache waamue wenyewe. Maiti kwetu huzikwa siku ile ile bila kupasuliwa, nami siwezi kumlaumu mfiwa kwa hilo. Hapo jalada ndilo hubaki kuwa ushahidi, ndiyo maana ile barua ya kuliomba haifai kulala hata siku moja.

Si kila dai la dhuluma ya leba linahitaji jeraha la kudumu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mwanamke aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013 na kudhalilishwa na wauguzi, kwa msingi wa haki zake za kikatiba. Katika madai ya uzembe, gharama zilizokwisha kulipwa hutajwa moja moja na kuthibitishwa, kwa hiyo mwambieni mama aweke risiti za dawa, za mazoezi ya viungo na za nauli ya boti hadi Mokowe, na palipokosekana risiti, nahodha aombwe aandike na kutia sahihi.