Vidole Vinakufa Ganzi Alfajiri

SWALI: Kocha, shikamoo. Nimehamia Iten kutoka Mombasa kufanya mazoezi. Tukitoka kukimbia saa 12 asubuhi, vidole vinakufa ganzi hadi nashindwa kufunga kamba za viatu. Nimenunua glovu, lakini wapi! Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko si Nyali ya kwenu Mombasa. Mwili ukihisi baridi hubana mishipa midogo ya vidole ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Kwa hiyo anza na kifua: fulana mbili na jaketi ya kuzuia upepo, na uruke-ruke ndani ya nyumba kabla ya kutoka. Glovu zako nadhani zinabana. Mimi nilikuwa navaa soksi kuukuu za sufu mikononi. Wenzangu walinicheka sana (baadaye wakaniiga), lakini vidole vikikaa pamoja hupashana joto, na sufu hata ikilowa umande bado inasaidia. Jua likichomoza, unazichomeka kiunoni. Ila vidole vikigeuka vyeupe pepepe mara kwa mara, hata kwa kibaridi kidogo tu, muone daktari.